Divai ya Madeira: ianze chupa ipi?

Kati ya divai ya Madeira, kisiwa cha Ureno, iliyokomaa miaka 3 na ya miaka 10, ongeza fedha uchukue ya miaka 10. Ile ya bei rahisi kwa kawaida hupashwa moto kwenye matangi, nyuzi 45 hadi 50, kwa miezi 3 au zaidi. Njia hiyo huitwa estufagem, na haraka yake huacha ladha ya sukari iliyoungua. Ya miaka 10 mara nyingi ni ya canteiro: mapipa hulazwa ghorofani, karibu na paa, jua la kisiwa likaiivisha divai polepole mwaka baada ya mwaka. Hapo ndipo uzuri wa Madeira ulipo. Majina yaliyo hapa chini ni ya aina za zabibu, kwa mpangilio wa kuanzia.

1. Verdelho. Si kavu sana wala si tamu sana, ndiyo maana tunaitanguliza. Ipoze kidogo, uinywe kwa lozi, jibini gumu au supu ya nyama.

2. Boal. Tamu, ila uchachu wake hauiachi ikinaishe. Inunue pamoja na bolo de mel, keki nyeusi ya kisiwani yenye mdalasini na karafuu. "Mel" ni asali, lakini keki halisi hutiwa shira nzito ya miwa. Tafuta maneno "mel de cana" kwenye orodha ya viambato. Humegwa kwa mkono, haikatwi kwa kisu, na ikifungwa vizuri hukaa hata mwaka.

3. Sercial. Kavu na chachu kweli. Bora kwa samaki, ngumu kwa anayeanza.

4. Malvasia. Tamu kuliko zote. Iwekee chokoleti chungu.

5. Tinta Negra ya miaka 3. Ya mchuzi. Chupa isiyotaja zabibu kwa kawaida ni hii, kwani jina la zabibu huandikwa tu ikiwa imefika asilimia 85. Iliyotiwa chumvi na pilipili ni ya jikoni peke yake, usiimimine kwenye glasi.

Kabla ya kulipa, hakikisha kuna muhuri wa IVBAM, taasisi inayosimamia divai hiyo. Nyumbani isimamishe chupa, usiilaze: uchachu na kileo, kama asilimia 19, hula kizibo. Ukishaifungua usiwe na haraka. Joto na hewa vimekwisha kuizoeza, hivyo hudumu miezi kadhaa. Mililita 750 hutoa glasi 10 za mililita 75.