Tomi kala sumu ya panya, mapokezi wanataka jina la ukoo

Nyota moja. Na hiyo moja ni ya daktari, si ya yule dada wa mapokezi.

Majuzi jioni nimemkuta Tomi nyuma ya jiko analamba midomo, ulimi wa bluu, pakiti ya sumu ya panya imechanwa pembeni. Jirani anapiga kelele mpe maziwa, mpe mafuta ya kula! Sikumsikiliza. Nikapakia mbwa kwenye bajaji, pakiti mkononi, mbio hadi kliniki moja ya wanyama hapa Dar, jina nalihifadhi.

"Kaka, jina la mgonjwa?" Tomi. "La ukoo?"

Nikajua ananitania. Wapi! Eti kompyuta haisogei bila jina la ukoo. Dada, mbwa kala sumu! Akanitazama kama nimekuja kukopa, akasogeza kikombe chake cha chai: "Utaratibu ni utaratibu, kaka." Mwisho nikamwambia andika Mbwa. Akaandika kweli. Tomi Mbwa. Dakika kumi zimeishia hapo.

Daktari aliposikia neno sumu alitoka mwenyewe. Akasoma pakiti kabla hata ya kumgusa mbwa: brodifakumu. Sindano ya kutapisha, vikatoka vipande vya bluu pamoja na ugali wa mchana. Akanieleza kwamba kutapisha kunasaidia zaidi saa mbili hivi za mwanzo, na kama angekuwa amekunywa mafuta ya taa au tindikali, asingethubutu kumtapisha. Tomi muda wote anatikisa mkia, nami nikaanza kujiona nimekuza mambo. "Usidanganyike na mkia," akasema. Sumu hii inazuia damu kuganda, na kuvuja huanza kuonekana baada ya siku tatu hadi tano. Vidonge vya vitamini K1 wiki nne, apewe na chakula chenye mafuta kidogo, halafu damu ipimwe siku mbili baada ya kidonge cha mwisho. Na maziwa ya jirani? Daktari alicheka tu.

Kwa hiyo nyota moja nimemwonea. Ziwe tatu. Nne basi, maana Tomi sasa hivi anabweka watu wa maji hapo getini.

Nilikuwa nimeshabonyeza tano, ujumbe ukaingia: "Ndugu Tomi Mbwa, unakumbushwa kufika kliniki kesho ukiwa na mnyama wako."

Nimerudisha mbili.