Karbamazepini ya miligramu 200: kidonge kizuri, bahasha mbaya

Mtu anayepigwa shoti upande mmoja wa uso, sekunde chache hadi dakika mbili, kwa kupiga mswaki tu au kupulizwa na feni, hapati nafuu kwa panado wala diklofenaki. Inayouma ni neva ya trijemino, ile inayopeleka hisia za uso kwenye ubongo; mara nyingi mshipa wa damu umeigandamiza pale inapotokea kwenye ubongo, ukachubua ganda lake. (Wengi wameshang'olewa magego mazima kabla neva haijafikiriwa.) Dawa inayoshika ni karbamazepini, ile ile ya kifafa.

Kwa kazi yake tunaipa alama za juu. Kwa kawaida huanzwa nusu kidonge asubuhi na nusu jioni, kisha daktari hupandisha taratibu. Wengi hutulia kwenye miligramu 600 hadi 800 kwa siku. Ukipandishwa haraka utaona vitu viwili viwili na kuyumba kama mlevi. Maumivu yakirudi kuchungulia wiki ya tatu hadi ya tano, usimlaumu muuza dawa: ini limezoea kuivunja, dozi irekebishwe. Ile yenye alama ya CR, kidonge kinachotoa dawa polepole, hailevyi sana kama ya kawaida. Hukatwa kwenye mstari, lakini haisagwi wala kutafunwa.

Alama tunazikata kwenye ufungaji. Vidonge vinavyohesabiwa kutoka kopo kubwa na kutiwa bahasha ya karatasi hunyonya unyevu, na Tanga au Mombasa unyevu haukosi. Kidonge hukakamaa, hakiyeyuki vizuri tumboni, na hata theluthi ya nguvu yake inaweza kupotea. Mgonjwa huongezewa dozi; siku akipata vidonge vikavu, dozi hiyo hiyo inamwangusha. Nunua vilivyofungwa kimoja kimoja kwenye foili, uviweke kabatini chumbani, si bafuni.

Mwambie mfamasia unachotumia kingine. Karbamazepini hudhoofisha vidonge vya majira na vijiti, pia dawa mseto ya malaria. Anayetumia dolutegravir, dawa ya VVU, huhitaji miligramu 50 mara mbili kwa siku badala ya moja. Antibiotiki ya erithromaisini na juisi ya balungi, kinyume chake, huizidisha mwilini.

Usiiache ghafla kwa uamuzi wako. Ila upele wenye homa au vidonda mdomoni, hasa miezi ya mwanzo, ni wa kukimbizwa hospitali siku hiyo hiyo, kabla ya kumeza dozi nyingine.