Injini gani ya kubadilisha katika lori kuukuu? Mwongozo kwa wenye malori ya Lubumbashi

Mwenye lori kuukuu la tani nne au tano, liwe Mitsubishi Canter linaloingiza makala (mkaa) mjini au Isuzu linaloleta samaki kutoka Kasenga, hufikia siku ambapo injini haiwezi tena kutiwa viraka. Ukiacha bei ya lori lenyewe, hakuna matumizi yatakayomwuma zaidi ya hayo, na ndiyo sababu hapaswi kuamua kwa haraka wala kwa kufuata sifa za muuzaji. Injini inayofaa hapa kwetu ni ile ambayo ringi, beringi, gasketi na pampu yake zinapatikana mjini siku lori linapokwama, na ambayo fundi yeyote wa barabara ya Likasi anaweza kuifungua bila kompyuta. Nguvu ni jambo zuri, lakini huja baada ya hayo, na mpangilio ufuatao umefuata kanuni hiyo.

Nafasi ya kwanza ninaipa injini ile ile iliyomo ndani ya lori, ikiwa bloku yake ni nzima. Wengi huiruka kwa sababu lori litasimama kwa muda huku bloku na krenki (mhimili unaozungushwa na pistoni) zikiwa kwa fundi wa mashine, lakini faida zake ni kubwa: viti vya injini, klachi na giaboksi vinabaki vilevile, karatasi za gari hazibadiliki, na mwenye mali anajua injini hiyo imepita wapi. Krenki kwa kawaida husagwa kwa hatua za milimita 0.25, na ikishafika milimita 1.00 haina nafasi nyingine. Mwambie fundi apime mbele yako na akuandikie vipimo kwenye karatasi. Ikiwa konrodi (mkono wa pistoni) imetoboa bloku, au ufa umeonekana kati ya silinda, usishawishike na anayesema kwamba kuchomelea kunatosha.

Nafasi ya pili ni injini iliyotumika Japani ya familia ile ile ya lori lako, yenye pampu ya kimekanika. Kwa Canter tunazungumzia hasa 4D33 ya lita 4.2 isiyo na turbo, na 4D34 ya lita 3.9 yenye turbo. Kwa Isuzu ni 4HF1 ya lita 4.3 na ndugu yake 4HG1 ya lita 4.6, ambazo pistoni zake husafiri urefu ule ule wa milimita 110, tofauti ikiwa upana wa silinda tu. Lubumbashi iko kwenye mwinuko wa takriban mita 1,200, ambako hewa ni nyepesi kuliko ya pwani kwa karibu asilimia 11, kwa hiyo injini isiyo na turbo hupoteza nguvu kwa kiwango kinachokaribia hicho. Kwa anayepakia mahindi hadi Kolwezi na kurudi amejaa, 4D34 yenye turbo itamfaa zaidi ingawa ni ndogo kwa lita, mradi akague rejeta na klachi kama zinaweza kuibeba, na dereva wake akubali kuiacha injini ingurume polepole kwa dakika chache kabla ya kuizima. Anayezunguka mjini tu, kati ya Ruashi, Katuba na soko la mtaa wa Kenya, hana haja ya turbo.

Katika nafasi hii ya pili ndipo pesa nyingi zinapopotea, kwa hiyo ukaguzi wake unastahili maneno mengi. Kabla injini haijawashwa, weka kiganja juu ya bloku. Ukikuta ina joto, muuzaji ameiwasha kabla hujafika ili ugumu wa kuwaka asubuhi usionekane, na ni haki yako kurudi siku nyingine. Ikishawaka, fungua kifuniko cha kujazia oili, kigeuze na ukiweke juu ya tundu lake bila kukifunga. Kikitikisika kidogo, hakuna neno. Kikirukaruka au kikirushwa, na mvuke mzito wenye harufu ya oili ukafuata, ringi na silinda zimekwisha. Moshi wa bluu unaonyesha oili inayoungua, na moshi mweupe usiokwisha hata injini ikipata joto unaonyesha mazutu (dizeli) yasiyoungua au maji yanayoingia ndani. Chomoa kijiti cha oili: rangi ya maziwa ni maji. Tazama pia risasi ndogo (muhuri wa kiwandani) iliyofungwa kwa waya kwenye pampu ya nozeli. Ikiwa imekatwa, mtu amekwisha kuchezea kiasi cha mazutu, na huenda injini ilisukumwa kupita uwezo wake. Mwisho, dai kipimo cha kompresheni kwa kila silinda; tofauti kati ya silinda moja na nyingine ikizidi asilimia 10, bei ishuke sana au uondoke.

Jambo moja husahaulika, nalo ni la uhai. Malori mengi madogo ya Kijapani hupata msaada wa breki kutoka pampu ya vakyumu, ambayo mara nyingi imefungwa nyuma ya alteneta. Injini ikiuzwa bila alteneta yake, au ikiwa na alteneta ya gari lingine, lori litatembea vizuri lakini pedali ya breki itakuwa ngumu kama jiwe kwenye mteremko. Usilipe mpaka kipande hicho kiwepo. Hakikisha pia kwamba stata ni ya volti zilezile za lori lako, 12 au 24, na kwamba sampu (bakuli la oili chini ya injini) haigongani na ekseli.

Nafasi ya tatu ni injini mpya ya Kichina, kama Yuchai au Yunnei. Upya wake una thamani kubwa, na kwa lori lililobaki na miaka mingi ya kazi si chaguo la kudharau. Lakini viti, bomba la moshi na mara nyingi kifuniko cha flaiwili vitahitaji kutengenezwa, kwa hiyo gharama ya karakana ihesabiwe pamoja na bei ya injini.

Kufunga injini ya kampuni nyingine iliyotumika, kwa mfano Cummins 6BT ya lita 5.9 ndani ya Mercedes 1113 ambayo OM352 yake imekufa, ndilo chaguo la nafasi ya nne. Ni injini imara mno, ila silinda zake zimechongwa moja kwa moja ndani ya bloku, hazina slivu (mirija ya ndani) za kutoa na kubadilisha, hivyo zikilika ni lazima bloku ipelekwe kwenye mashine. Kazi hiyo apewe fundi aliyewahi kuifanya, na uone lori alilolifunga likiwa barabarani.

Za mwisho ni injini za kielektroniki, kama 4M50 ya Canter na 4HK1 ya Isuzu. Kwenye injini za zamani nozeli hufunguka kwa takriban bar 200. Hizi hufanya kazi kwa zaidi ya bar 1,000, na mazutu ya kwenye bidoni (madumu) yenye maji na vumbi jekundu la kiangazi huziua mapema. Bila waya zake zote na kompyuta yake mwenyewe, haziwaki.

Injini yoyote utakayochagua, namba iliyogongwa kwenye bloku ilingane na ile iliyo kwenye risiti na kwenye karatasi za DGDA (idara ya forodha) zilizotolewa ilipoingia mpakani Kasumbalesa. Namba iliyosagwa au kugongwa upya ni sababu tosha ya kutonunua, hata kama injini yenyewe inawaka kwa mguso wa kwanza.