Miguu ya mpira na rafu ya ukutani: uzoefu wangu wa kuondoa mngurumo wa santuri

Naishi Mkunazini, Mji Mkongwe, orofa ya pili ya nyumba ya mawe na chokaa ambayo sakafu yake imelazwa juu ya boriti za mikoko. Mashine yangu ya santuri ilikaa juu ya meza nyepesi baina ya spika mbili, na kwa miezi kadhaa nilisikiliza taarab huku chini ya fidla na ganuni pakiwa na mngurumo mzito usiokuwa wa ngoma wala wa ala yoyote. Mtu akipita chumbani, sindano huruka. Nikiongeza sauti kupita nusu, mngurumo huzidi wenyewe mpaka spika zikavuma.

Kabla ya kutoa pesa nilichunguza chanzo. Uvumo wa umeme, ambao kwetu ni wa hezi 50 (yaani mitetemo 50 kwa sekunde), haukomi hata sindano ikiinuliwa, lakini huu wangu ulikoma papo hapo. Nikazima mota, nikaiweka sindano juu ya santuri iliyosimama, nikapandisha sauti taratibu, kisha nikagonga meza kwa kifundo cha kidole: kishindo kikatoka kwenye spika kama mtu anabisha hodi. Mke wangu alipotembea kutoka mlangoni hadi dirishani, nikaona ngozi za spika zikitoka na kurudi kwa kila hatua yake, bila sauti yoyote kusikika. Santuri hukatwa ikiwa besi yake imepunguzwa, na amplifaya huirudisha kwa kanuni ya RIAA (kipimo cha pamoja cha watengenezaji wa santuri), ambayo kwenye hezi 20 hukuza takriban mara 10 kuliko kwenye hezi 1,000. Kwa hiyo kila sindano inachookota sakafuni nacho hukuzwa vivyo hivyo.

Nilianza na miguu minne ya mpira laini ya kuweka chini ya mashine, niliyoinunua kwa shilingi 85,000. Mngurumo wa kutoka kwenye spika ulipungua, hilo nalikiri, lakini hatua za watu zilizidi kuiyumbisha mashine. Mpira huzuia mitetemo ya kasi kuliko mwendo wake wenyewe wa kuyumba. Mtetemo wa polepole, kama huu wa boriti zinazonesa hezi chache tu, hupita, na ukikaribiana na mwendo huo huongezeka. Kwa sakafu ya saruji huenda ikafaa. Kwa nyumba kama yangu, siishauri.

Kilichonitatulia tatizo ni rafu ya mvule, iliyotengenezwa na fundi seremala wa mtaani na kufungwa kwenye ukuta wa nje, ambao unene wake unakaribia nusu mita. Nilikuwa nimeshanunua skrubu na vishikizo vyake vya plastiki. Fundi alikwangua plasta kwa ncha ya patasi, chokaa ikamwagika kama unga, akaniambia, "Ami, hivi havitashika hapa, vitatoka na ukuta wake." Akatoboa mpaka kwenye jiwe, akapigilia vigingi vya mbao ngumu, ndipo akafunga vyuma vya pembe. Kazi ilichukua siku moja, na vumbi lake lilichukua mbili. Nilirudia jaribio la kutembea mara tatu, na mara zote tatu ngozi za spika zilitulia kabisa. Spika nimeziacha sakafuni, mbali na ukuta huo, kwani kuziweka kwenye rafu hiyo hiyo kungerudisha mtetemo kwenye sindano.

Hata hivyo, santuri mbili zilibaki na kasoro. Ngozi za spika zilitoka na kurudi kila baada ya sekunde 1.8, nao ndio muda wa mzunguko mmoja kwa mwendo wa mizunguko 33⅓ kwa dakika. Hapo nikajua kwamba sakafu haihusiki: santuri zenyewe zimepinda kwa joto, kwa sababu nilikuwa nikiziegemeza karibu na dirisha la magharibi. Kwa hizo hubonyeza kichujio cha amplifaya kinachokata sauti za chini ya hezi 20, nikakizima ninapoweka santuri nyoofu. Nyingine zote nimezihamishia kwenye kabati la ndani, zimesimama wima na kubanana.

Rafu naipa nyota 5, miguu 2. Atakayeagiza rafu kama hii amwombe fundi aweke skrubu za kusawazishia chini ya ubao, kwani kuta zetu hazijanyooka. Mimi nilisahau, na hadi leo upande wa kushoto umeinuliwa kwa kipande cha kadibodi.