Uzoefu wangu: shule ya kata aliyosoma binti yangu, Tabora mjini

Mimi ni fundi cherehani, nashona sare za shule hapa Tabora mjini. Binti yangu kamaliza kidato cha nne katika shule ya kata ambayo sitaitaja jina, na wazazi wakija kupimisha sare huniuliza kama inafaa kumpeleka mtoto. Nawaambia inafaa, ila kuna mambo wayajue.

Hapa kwetu ukitaja sekondari, mtu anafikiria Tabora Boys na Tabora Girls. Mwalimu Nyerere alisoma Boys, na alipotoka Makerere akaja kufundisha St. Mary's hapahapa mjini. Boys na Girls ni shule za vipaji maalumu, zinachukua waliopasua mtihani wa darasa la saba. Shule ya kata inampokea kila aliyefaulu. Kuzipima zote kwa divisheni wani ni kuonea.

Binti alipoanza, shule ilisifika kwa utoro na viboko. Viboko watu mtaani wanaviita nidhamu. Kanuni inasema visizidi vinne na ruhusa ni ya mkuu wa shule, lakini fimbo ilikuwa mkononi mwa kila mwalimu wa zamu, na bado ikifika saa nane mchana madarasa yalikuwa nusu. Wengine wanatoka mbali, wengine wazazi wao wako vijijini, wamepanga vyumba mtaani wanajipikia wenyewe. Mtoto aliyeondoka alfajiri na chai ya rangi, hiyo Kemia ya mchana ataisikiaje?

Akaletwa mkuu mpya, mama asiye na maneno mengi. Kikao chake cha kwanza na wazazi kilikuwa na ajenda moja, chakula cha mchana. Tulibishana mpaka jua likazama. Waliouliza mchango wa nini tena wakati tangu 2016 tunaambiwa elimu bila malipo, hoja walikuwa nayo. Mwisho tukakubaliana: mahindi na maharage, au fedha kwa asiyelima, fedha zishikwe na kamati ya wazazi, mwalimu asiziguse, na asiye na uwezo, mtoto wake ale vilevile. Hilo la mwisho ndilo lililomaliza ubishi. Makande ya wiki za mwanzo yalikuwa na mawe, watoto walilalamika kweli, lakini mchana wakabaki darasani bila kuchapwa mtu.

Jambo lingine hulioni ukipita barabarani. Daftari la Hisabati la binti la kidato cha kwanza lilikuwa kunakili tu ubaoni, kurasa na kurasa, hakuna tiki wala kosa. La kidato cha tatu limejaa wino mwekundu. Pembeni ya swali moja la logi mwalimu kaandika, "Rudia. Alama ya kutoa umeiacha wapi?" Ukurasa unaofuata swali limerudiwa, limepata tiki. Mkuu alikuwa anaingia darasani bila taarifa, anakusanya madaftari na kuyapitia mwenyewe ofisini, kwa hiyo aliyekuwa anakaguliwa hasa ni mwalimu. Hisabati ndiyo inayofelisha wengi nchini, mwaka hadi mwaka, na hapo D inaanzia alama 30 tu. Binti kapata C.

Walibadilisha pia rangi ya sare. Mimi nilipata kazi, shule sijaona ilichopata.

Sasa haya majina makubwa. Ziko shule binafsi ninazozishonea, Januari zinaniletea oda nene ya kidato cha kwanza. Kidato cha tatu kikianza, baadhi ya watoto walewale wanarudi na wazazi wao wanataka sketi ya shule nyingine. Hawakufikisha wastani. Wamehamishwa kimyakimya ili mtihani wa taifa ufanywe na wenye uhakika, kisha getini linatundikwa bango: hatuna ziro! Baraza la Mitihani (NECTA) liliacha kutangaza shule kumi bora tangu matokeo ya kidato cha nne yaliyotoka Januari 2023, lakini mabango yanaendelea kujitangazia.

Ukitaka kujua ukweli, ingia tovuti ya NECTA. Hesabu waliofanya upimaji wa kidato cha pili katika shule hiyo, kisha hesabu waliofanya kidato cha nne miaka miwili baadaye. Toa waliokariri darasa. Wakiwa bado wamepungua sana, nenda kauliza wameenda wapi. Kwa binti nao walipungua, wachache, na baadhi yao nawafahamu: mmoja mimba, wengine msimu wa tumbaku uliwavuta Urambo na hawakurudi. Hakuna aliyeondolewa kwa sababu ya alama. Divisheni wani pale ni za kuhesabu kwa vidole. Ziro ndizo zilizopungua, maana zamani zilikuwa zinajaza ukurasa.

Yanayoniudhi? Vyoo vya wasichana kiangazi havina maji, na hilo limesemwa kwenye vikao hadi limechakaa. Mahafali tunachangishwa muziki na fulana wakati kemikali za maabara hakuna. Titresheni, lile jaribio la Kemia la maabara, binti aliishika kwa mkono mock ikiwa imekaribia, kabla ya hapo ilikuwa michoro ya ubaoni. Kambi ya masomo ya kidato cha nne iliwasaidia, ingawa kwa mzazi mwenye watoto wawili gharama yake inauma.

Naipa nyota tatu na nusu kati ya tano. Kwa mchepuo wa sanaa, mlete mtoto bila wasiwasi. Kwa sayansi, kabla ya kununua kitambaa cha sare nenda ofisi ya taaluma ukaulize kama mwalimu wa Fizikia ni wa kuajiriwa. Mara ya mwisho nilipouliza alikuwa kijana wa kujitolea, posho yake inatoka kwa wazazi, na miezi mingine inachelewa.