Review: kisanduku cha UV cha "kuua virusi" kwenye simu na noti, elfu 45 Kariakoo

Naanza na maksi ili asiye na muda aende zake: mbili kwa tano. Moja ya chaja, maana juu ya kifuniko kina sehemu ya kuchajia simu bila waya na inafanya kazi vizuri tu, nyingine ya muonekano. Kwenye kuua virusi kwa UV (mionzi kama ile ya jua isiyoonekana kwa macho), ambako ndiko elfu 45 yako inakoenda, nakipa sifuri na nitaeleza kwa nini.

Kwa wasiokijua ni kile kiboksi cheupe cha plastiki kinachotembea sana kwenye status za wauza vifaa vya simu, unafungua unaweka simu, funguo, miwani, hata hela, unabonyeza kitufe kinawaka zambarau dakika chache kisha kinalia na kuzima. Sitaji jina maana vinavyouzwa hapa mjini vina majina kibao na vinafanana kama vimetoka kwenye mfuko mmoja.

Mimi ni wakala, miamala ya simu na kusajili laini, kwahiyo mtu akiniambia habari ya vitu vinavyoshikwa na kila mtu namwelewa haraka. Kibandani kwangu kuna kalamu imefungwa kamba, daftari la wateja, kioo cha kaunta ambacho kila anayesubiri anaegemea na viwiko, kuna noti zimetoka sokoni na kwenye daladala, halafu kuna ile mashine ya alama za vidole, tangu usajili wa vidole uanze Mei 2019 kila anayetaka laini anabonyeza kidole palepale alipobonyeza mwenzie, na kidole kikigoma kusoma anakilamba kwanza. Nimeshawaambia wateja wasilambe jamani, nimeweka hadi kitambaa chenye maji, wanalamba tu.

Sasa tangazo la hiki kisanduku linasema hivi kwa herufi nyekundu: VIRUSI HUKAA SIKU 28 KWENYE SIMU YAKO. Hapo ndo wanapokamatia watu. Na ubaya ni kwamba namba yenyewe sio ya uongo, ni ya kweli ila imekatwa mkia. Inatoka kwa wanasayansi wa CSIRO, shirika la utafiti la serikali kule Australia, Oktoba 2020, waliweka kirusi cha corona kwenye kioo, chuma cha pua na noti, wakakikuta bado kizima baada ya siku 28. Ila walikiweka gizani, kwenye nyuzi joto 20, hewa haibadiliki, hakuna jua hakuna kitu. Walewale kwenye utafiti uleule wakapandisha joto hadi nyuzi 40 na kirusi hakikufika hata siku mbili. Sasa niambie ni wapi Dar es Salaam simu yako inakaa mwezi mzima gizani kwenye nyuzi 20, labda uisahau kwenye chumba cha AC cha mtu aliyesafiri.

Tena jua lenyewe. Wamarekani mwaka 2020 walipima kwa taa inayoiga jua la kiangazi, matone ya mate yenye kirusi juu ya chuma, asilimia 90 ya virusi ikawa imekufa ndani ya dakika kama saba. Kaunta yangu inaangalia magharibi, kuanzia saa tisa alasiri inapigwa jua mpaka wateja wanalalamika kioo kinaunguza. Hiyo ni dawa ya bure napewa kila siku na hakuna aliyeniuzia.

Namba nyingine ambazo watu wengi walizisikia ni zile za watafiti wa corona za Machi 2020, siku tatu kwenye plastiki, mbili hadi tatu kwenye chuma, siku moja kwenye boksi la karatasi, masaa manne kwenye shaba. Hizi nazo ni za kweli, ila watu hawaelewi kwamba "siku tatu" ni mpaka pale walipoweza kuona chembe ya mwisho mwisho. Kwenye plastiki nusu ya virusi ilikuwa inakufa kila baada ya masaa kama saba, yaani nusu, halafu nusu ya iliyobaki, halafu nusu yake tena, kwahiyo kalamu iliyoshikwa jana mchana na mgonjwa leo asubuhi ina mabaki kidogo tu, na hapo bado kirusi kinatakiwa kihame kutoka kwenye kalamu kwenda kidoleni, kutoka kidoleni kwenda puani au jichoni au mdomoni. Kila hatua kinapungua. Ndo maana CDC, taasisi ya Marekani ya kudhibiti magonjwa, mwezi Aprili 2021 ikasema wazi kwamba uwezekano wa kupata corona kwa kugusa kitu chenye virusi ni chini ya mara moja katika kila mara elfu kumi. Ugonjwa ule unapita hewani. Mteja anayekukoholea dirishani ana hatari kuliko noti yake, na kisanduku hakikuzibi pua.

(Ile shaba niliyotaja, ukienda Zanzibar au Lamu kwenye ile milango ya zamani yenye vishikio na njumu za shaba nyeupe na nyekundu, kumbe wazee walikuwa na vishikio vinavyoua virusi vyenyewe na hawakulipia hata shilingi ya ziada kwa ajili hiyo. Marekani shaba na aloi zake (shaba iliyochanganywa na metali nyingine) zimesajiliwa rasmi kama kitu kinachoua vijidudu tangu 2008. Sisi tumeng'oa tunaweka vya chuma cha pua kwa sababu vinang'aa.)

Haya turudi kwenye kisanduku. UV inayoua virusi kweli ipo, inaitwa UV-C, hospitali na mitambo ya maji wanaitumia, taa zao za zamani zinatoa mwanga wa nanomita 254 ambao jicho halioni. Hiyo inavunja vinasaba vya kirusi kinashindwa kuzaliana. Sasa mwanga wa zambarau mkali unaouona kwenye hivi viboksi vya bei ya chini ni LED za UV-A, yaani UV hafifu zaidi, au za zambarau tu, familia moja na ile taa ya kukagulia noti feki ambayo kila wakala na kila duka la jumla analo. Nilikuwa nahisi hivyo tangu mwanzo kwa sababu kifuniko kikiwa wazi kinaendelea kuwaka, na UV-C halisi haitakiwi hata kidogo kumpiga mtu machoni au kwenye ngozi, inaunguza, kwahiyo kifaa cha ukweli lazima kizime chenyewe ukifungua.

Nikafanya jaribio ambalo hata wewe unaweza. Weka noti ndani, zile alama zinazowaka chini ya taa ya kukagulia zikawaka vizuri tu. Halafu chukua kipande cha kioo cha kawaida, mimi nilitumia kipande cha dirisha kilichobaki kwa fundi, kifunike juu ya noti. Kioo cha kawaida kinazuia UV-C karibu yote ila UV-A kinaipitisha. Kama mwanga ni UV-C alama zinatakiwa zififie sana. Kwangu hazikufifia, ziliwaka vilevile kama kioo hakipo. Fundi simu jirani yangu akacheka akaniambia "boss hiyo ni taa ya noti imevalishwa suti".

Nilimtumia muuzaji video ya jaribio, akajibu "kaka hiyo ni original ya hospitali, wewe hujaiseti vizuri". Kitufe ni kimoja.

Na hata ingekuwa UV-C ya kweli, mwanga unaua pale tu unapofika. Upande wa chini ya simu, ndani ya kava, kwenye mikunjo ya noti iliyokunjwa mara nne ikatolewa kwenye khanga, haufiki. Noti ndo mbaya zaidi maana ni za nyuzi nyuzi na zina uchafu, waswisi waliwahi kupima kirusi cha mafua makali (influenza) kwenye noti, kikavu peke yake kiliishia siku chache, ila kikichanganywa na kamasi kuna aina ilifika siku 17. Uchafu unakikinga. Kwahiyo kuweka burungutu la noti kwenye kisanduku ni kujifurahisha.

Kitu ambacho tangazo halisemi na mimi ndo kinanikera zaidi ni kwamba virusi havifanani. Corona na mafua vina ganda la mafuta kwa nje, sabuni ya kawaida ya mche inalipasua, spiriti inalipasua, vikikauka juani navyo kwisha habari. Mafua kwenye plastiki au chuma siku moja hadi mbili, kwenye nguo na karatasi kavu nusu siku tu, na yakishafika mkononi mwako yanaishi kama dakika tano. Wale wa kuharisha na kutapika, norovirus na rotavirus, hawana hilo ganda, ni wagumu, wanakaa kwenye kishikio cha mlango wa choo siku nyingi hadi wiki, na norovirus unahitaji chembe chache sana kuumwa. Hawa ndo wanaohama kwa mikono na vitu vya kushika kwelikweli, na norovirus hasa ndo ambaye jeli ya kupaka mikono yenye alkoholi haimwezi vizuri. Watu wa vituo vya kulelea watoto na vyoo vya stendi mnielewe hapo. Rota angalau watoto wetu wanapata chanjo tangu 2013, ila noro haina chanjo kliniki, ni maji tiririka na sabuni mpaka mikono ilie kwikwi.

Sasa kwa hiyo elfu 45 mimi ningenunua nini. Jik. Nyingi za hapa zina klorini asilimia 3.5, soma lebo yako maana zinatofautiana. Kwa kufuta kaunta, vishikio, kalamu, changanya kipimo kimoja cha Jik na vipimo 34 vya maji, unapata asilimia 0.1 ambayo ndo WHO walipendekeza kwa kufuta vitu kipindi cha corona. Kama kuna mtu katapika au kuharisha, futa kwanza uchafu kwa karatasi ukiwa umevaa glavu, halafu kipimo kimoja cha Jik kwa sita za maji, hiyo ni asilimia 0.5, ndo kali wanayotumia wahudumu wa afya Congo na Uganda kwenye vituo vya ebola kuoshea vifaa na sakafu. Iache ikae dakika kumi usifute haraka haraka. Anza na usafi wa sabuni kwanza kwa sababu klorini ikikutana na uchafu inaishia kwenye uchafu. Changanya ya siku hiyohiyo, ikikaa juani au kwenye chupa wazi inapotea nguvu. Na tafadhali usichanganye na dawa ya choo yenye asidi wala siki, inatoa gesi ya kukaba koo, usije ukasema uliambiwa na wakala.

Usipake Jik kwenye simu wala kwenye mashine ya vidole, itakula chuma na kuharibu kioo. Hapo tumia alkoholi. Fundi simu yeyote ana chupa ya ile ya kusafishia bodi, nyingi ni ya asilimia 99, ongeza maji ifike kama 70, na usidhani unaipunguza nguvu, ile kali sana inakauka kabla haijafanya kazi na inahitaji maji kidogo ili kumvuruga kirusi. Lowesha kitambaa sio simu, zima kwanza, futa, subiri ikauke. Mashine ya vidole mimi naifuta hivyo kati ya mteja na mteja na faida ya ziada inasoma vidole haraka kuliko zamani, mafuta ya vidole ndo yalikuwa yanaigomesha.

Hesabu: Jik lita moja, sabuni ya mche, ndoo yenye koki, vitambaa na chupa ya alkoholi, vyote vinaingia kwenye hiyo elfu 45 na chenji inabaki.

Nani anunue kisanduku basi? Anayetaka chaja ya bila waya na hana haraka, ingawa chaja peke yake anaipata chini ya elfu 20 duka lilelile. Wenye watoto wadogo kuweni makini, mwanga unawaka kifuniko kikiwa wazi na mtoto atauchungulia. Cha kwangu kipo kaunta, nakagulia noti.