Wireless Set No. 19: Acheni Kuiita Redio ya Kirusi!

Karibuni tena kwenye chaneli. Leo nina hasira kidogo, nivumilieni. Hii mezani ni Wireless Set No. 19, redio ya vifaru ya vita vya pili, muundo wa kampuni ya Pye ya Cambridge. Kila picha yake ikitupwa kwenye grupu za WhatsApp za Kampala, mtu anajibu, "Ya Kirusi hiyo." Banange! Oneni hapa. Kweli maandishi yake ni ya Kiingereza na ya Kirusi, lakini hizi zilitoka viwanda vya Kanada na Marekani, na sehemu yake ikapelekwa Soviet kama msaada wa vita. Ndiyo sababu ya lugha mbili.

Tafuteni alama badala ya kubishana. Huu mshale mdogo ndani ya herufi C ni mali ya serikali ya Kanada. Mshale peke yake ni Uingereza. Taji na herufi AM ni Wizara ya Anga ya Uingereza.

Masafa yake mnayajua, narukia ndani, maana utamu uko kwenye valvu, zile taa za kioo zinazokuza mawimbi. Hii yenye kifuniko cha chuma kichwani, waya wa anodi (ncha chanya ya valvu) unaingilia hapo, imeandikwa ATS25. Hilo ni jina la jeshi la nchi kavu la Uingereza. Wamarekani wanaiita VT-100, orodha ya pamoja ya Uingereza inaiita CV124, dukani ni 807. Valvu ni ileile! Mtu akikuuzia "valvu adimu ya jeshi", kwanza tafuta jina lake la dukani, bei itashuka hapo hapo. Na ukikuta namba za CV nyingi, kuna uwezekano mkubwa valvu zimebadilishwa baada ya vita. Si kosa, ila usilipie "haijaguswa".

Zikianza na VR, fikiria ndege, maana ni majina ya jeshi la anga la Uingereza: VR91 ndiyo EF50. Sanduku lenye safu ya VR91, halina spika, na lina bomba la kioo cha mviringo limeandikwa VCR97? Hicho ni kionyeshi cha rada, msikiite redio.

Sasa utafutaji wa kujua kifaa ni nini. Usianze na picha, anza na namba ya bohari, uiandike na mkwaju (/) wake. Kwa Waingereza, ZA ni jeshi la nchi kavu, 10D na 10E ni jeshi la anga (10E ni valvu), AP ni wanamaji. Kwa Wamarekani, SCR ni seti nzima na BC ni kipande chake: BC-611 ndiyo ile ya mkononi, ndani ya SCR-536. Namba ya mfululizo iandike kando, haikwambii aina.

Ile hadithi ya wauzaji, ya babu wa KAR (King's African Rifles, jeshi la kikoloni la Afrika Mashariki) kurudi nayo toka Burma, dah, redio ya zaidi ya kilo 15 bila betri! Hadithi haiongezi bei kwangu.

Na usiichomeke betri ya gari papo hapo. Kapasita za karatasi huvuja, na multimita (kipimo cha umeme) ya kawaida haioni kwa sababu inapima kwa volti chache. Zinavuja zikipewa mamia. Zibadilishe kwanza. Valvu ya kurushia inalishwa karibu volti 500, hizo zinaua. Mita za ndegeni zenye rangi iliyokuwa ikiwaka gizani mara nyingi zina radiumu, yenye mionzi hatari: usifungue, usikwangue. Kurusha mawimbi hewani je? Leseni ya UCC (Tume ya Mawasiliano ya Uganda) kwanza.

Bei: kama haina kitengo chake cha umeme na nyaya zake, mimi nalipa nusu, ssebo, sina aibu.

Video ijayo ni herufi za AN, majina ya pamoja ya vifaa vya jeshi la nchi kavu na wanamaji wa Marekani. Nitumieni picha za vibao vya majina vya redio zenu, ila mulikeni tochi kutoka ubavuni, si mbele, ili herufi zilizogongwa zitoe kivuli. Na rivet zikiwa mpya juu ya rangi iliyokwaruzwa, hicho kibao kimetoka Katwe, kwa mafundi wa Kampala, wiki iliyopita.